Nani Anamhitaji Nani

Waliofanya kazi kwa Ato Bezuneh, bwana mwenye kiwanda cha uchapaji, miaka ile, ukiwakuta leo wamekaa mkahawani Piassa, katikati ya Addis, na vikombe mbele yao, hawachelewi kufika kwenye habari za kalenda. Mmoja atakumbuka mvua ya Nehase, mwezi wao wa kumi na mbili, ilivyolipiga bati la kiwanda mpaka watu wakazungumza kwa mikono. Mwingine atakumbuka harufu ya wino. Na kabla kahawa ya pili haijamiminwa watakuwa wameshamtaja Askale Dessie. Wakimtaja hucheka kwanza, halafu humhurumia.

Askale aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tisa, akapewa kazi ya kupanga herufi za risasi za kuchapia. Herufi zao ni mia mbili na ushei, kila moja na kijisanduku chake, naye baada ya miaka miwili alikuwa akizichomoa bila kutazama huku akimsimulia mwenzake sinema ya Jumapili. Alisimama mbele ya visanduku vile miaka kumi na minane. Halafu, mwaka wa 1981 kwa hesabu yao, iliyo nyuma ya yetu miaka saba au minane, wanaume wanne walipandisha kompyuta ghorofani, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na visanduku vya risasi vikauzwa kwa fundi wa betri. Hakuna aliyemuuliza Askale kama angependa kubaki na herufi hata moja. Aliiba moja, akaitia kwenye soksi.

Aliyeletwa pamoja na kompyuta ile ni Lulseged, mhandisi mwembamba aliyesomea Bulgaria, mtu wa kahawa nyingi na maneno machache. Ndiye aliyeandika programu ya kutengeneza kalenda ya ukutani. Kila mwezi aliupa faili lake, miezi yote kumi na mitatu, kuanzia Meskerem na Tikimt hadi Pagume, ule mwezi mdogo wa mwisho wenye siku tano. Kukawa na faili la sikukuu, la mifungo, la maumbo ya herufi, la picha za watakatifu. Yote pamoja yalikaribia sitini.

Sasa mafaili hayo hayakujitegemea. Ndani ya moja ungekuta mstari unaosema: mwingize fulani hapa. Na fulani naye, ukimfungua, anasema: mwingize fulani mwingine. Ukigusa faili la mifungo, basi kila faili lililoliingiza lazima lipikwe upya, la sivyo litaendelea na habari za mwaka jana. Kupika ndilo neno lao la kuyageuza maandishi ya Lulseged yawe programu inayofanya kazi. Na kompyuta ile ilikuwa nzito. Kupika yote kulimaliza asubuhi nzima, na umeme wa Nehase haumpi mtu asubuhi nzima. Kwa hiyo walipika yale tu yaliyohitaji kupikwa, na ilibidi pawe na mtu anayeyajua.

Ndipo Askale alipopata kazi yake ya pili maishani. Lulseged alimnunulia daftari la kurasa mia mbili, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: Nani anamhitaji nani. Wakawa wanayazungumzia mafaili jinsi watu wanavyowazungumzia majirani.

"Tikimt anamhitaji nani?" Lulseged anauliza, macho kwenye kioo cha kompyuta.

"Anamhitaji Sikukuu. Na Herufi."

"Na Sikukuu?"

"Sikukuu hawezi kitu bila Mfungo, si unamjua. Kwa hiyo hata Tikimt anamhitaji Mfungo, ila mwenyewe hana habari."

"Andika hivyo hivyo, dada."

Siku moja walifika kwa Pagume. Huko kila mwaka ni wa mwinjilisti mmoja, Matayo, Marko, Luka na Yohana kwa zamu, na mwaka wa Luka ndio Pagume hupata siku ya sita. Lulseged alikuwa ametengeneza mafaili manne, moja la kila mwinjilisti, lakini ndani ya Pagume hakuandika jina la hata mmoja. Aliandika tu: mwingize mwinjilisti wa mwaka huu. Jina lenyewe lilitajwa nje kabisa, kwenye maelekezo ya mapishi ambayo kompyuta huyasoma kabla haijaanza. Alijivunia sana ujanja huo. Mwaka ukibadilika unabadilisha neno moja tu, basi.

"Ila kuna kitu," alimwambia. "Ukibadilisha jina huku nje, Pagume mwenyewe hajaguswa. Kompyuta itamwona mzima, itampita. Kwa hiyo wewe kila Nehase, kabla hujashika chochote, mfute yule aliyepikwa mwaka jana. Apikwe upya tu, awe ameguswa asiwe ameguswa."

"Niandike?"

"Kwani utasahau?"

"Sisahau."

"Basi acha, kahawa inapoa."

Mwaka serikali ilipobadilika, Lulseged alikaa mwezi mzima akimweleza Askale kila kitu tangu mwanzo, hata yale anayoyajua. Askale akafurahi, akadhani ni heshima. Jumatatu moja Lulseged hakuja. Baada ya miezi mitatu ikaja kadi kutoka Kanada yenye picha ya theluji, imeandikwa salamu kwa wote. Kiwandani walisema wawili wale walipendana. Kama walipendana, waliishia kwenye kahawa.

Miaka mitatu iliyofuata Askale alikuwa peke yake kule juu, na hiyo ndiyo miaka anayoililia hadi leo. Alikuwa na kiti chake, jiko lake dogo la mkaa, na daftari. Mtu akitaka kujua kalenda imefika wapi, alipanda ngazi na kubisha hodi. Ato Bezuneh mwenyewe alibisha hodi. Kila Nehase alifungua kompyuta, akamfuta Pagume wa mwaka jana, akaandika mwinjilisti mpya, kisha akaanza kazi. Mkono ulifanya wenyewe. Ukimuuliza asubuhi ile amefanya nini, Pagume hata asingemtaja, jinsi mtu asivyotaja kwamba amefunga mlango.

Halafu akaja Surafel. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ametoka chuo kikuu, na viatu vyake vilikuwa safi hata kwenye matope ya Doro Manekia, mtaa wa kiwanda. Si mtu mbaya, na aseme asemaye. Tatizo lake ni lile la vijana wengi wenye akili: akiona mzee anafanya kitu polepole, anadhani kile kitu ndicho kilicho polepole. Aliona daftari, akalisoma siku mbili, kisha akakaa wiki moja akaandika programu ndogo. Kazi yake ilikuwa kufungua kila faili, kutafuta mistari ya kuingiza, kuyachukua majina yaliyotajwa na kupanga orodha. Nani anamhitaji nani, bila daftari, kwa muda wa kumenya chungwa.

Aliyeibatiza programu ile ni Gashe Mersha, mzee wa chumba cha kuunganisha karatasi, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Hiyo ni Shemasi," alisema. "Si mnawajua mashemasi wadogo kanisani? Anasoma Kige'ez cha vitabu vya kale tangu asubuhi, herufi hata moja haimpiti. Muulize sasa amesoma nini. Anakutumbulia macho!"

Jina likaganda. Surafel naye alicheka, akalikubali.

Ato Bezuneh akataka vishindanishwe, daftari na Shemasi. Wakubwa wanapenda sana kuweka karatasi mbili mezani. Askale alifungua daftari lake, Surafel akachapa orodha, na mhasibu akaitwa kulinganisha mstari kwa mstari. Shemasi alikuwa amewaona wanne ambao Askale hakuwaandika. Daftari nalo lilikuwa na wawili ambao Shemasi hakuwa nao, lakini walipotazamwa wakaonekana ni mafaili Lulseged aliyoyaondoa zamani. Askale alipata nafasi moja tu ya kuvuta pumzi.

"Huyu Tabot-mbili mbona yumo kwenye yako?" aliuliza. "Faili hili halipo tangu mwaka juzi."

Surafel akatazama, akajibu kwa adabu ya kumwita dada mkubwa. "Limetajwa, Etiye. Liko kwenye kipande kilichozimwa, hakisomwi tena. Shemasi yeye hajui kwamba kimezimwa."

"Mwaona?" akadakia Gashe Mersha kutoka mlangoni. "Anawaita marehemu!"

Watu wakacheka, lakini Ato Bezuneh alikuwa ameshahesabu. Wanne ni wanne. Kwenye orodha ya Shemasi, mbele ya Pagume, palikuwa peupe: Pagume hamhitaji mtu. Askale aliuona weupe ule, akahisi kitu kinamkwaruza, lakini alipotazama daftari lake mwenyewe, mbele ya Pagume napo palikuwa peupe. Alikuwa na aibu siku ile, na mtu mwenye aibu hafikiri vizuri. Akafunga daftari.

Ato Bezuneh alimwambia kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma. "Etiye Askale, umetufanyia mengi. Mersha anahitaji mikono chini. Utamsaidia, siyo?"

Akashuka chini na jiko lake la mkaa.

Chumba cha kuunganisha kilikuwa na meza ndefu, gundi na vipande vya bati. Kazi ilikuwa kupanga karatasi kumi na tatu, kuzibana juu kwa ukanda wa bati, kutia kitanzi. Askale alifanya bila kinyongo cha kuonekana. Wiki ya pili, ukiwa mfungo wa Filseta, karatasi za mwisho ziliteremshwa kutoka kwenye mtambo zikiwa bado na joto, elfu sita. Alivuta ya juu. Ilikuwa Pagume, na Malaika Rafaeli amechorwa pembeni, na watoto wakioga mvua ya baraka ya sikukuu yake. Akahesabu visanduku vya siku. Vitano. Akavuta jalada la kalenda, akalisoma kwa sauti: mwaka wa 1987, mwaka wa Luka.

Palepale akajua kilichotokea, kizima, tangu kahawa ya Lulseged. Surafel alikuwa ameandika Luka kule nje. Shemasi alikuwa amefungua Pagume, akatafuta jina, asione jina lolote, akaandika hamhitaji mtu. Kompyuta ikampita. Pagume alibaki na Marko wake wa mwaka jana, na Marko ana siku tano.

"Kuna nini?" Gashe Mersha akauliza.

Akamwonyesha. Mzee alihesabu kwa kidole, mara mbili, kisha uso wake ukafunguka kwa furaha chafu.

"Wee! Nyamaza kabisa. Usiseme kitu!"

"Gashe..."

"Nimesema nyamaza! Zitoke hivi hivi. Nusu ya Addis itachinja kuku wa Mwaka Mpya siku moja kabla. Bezuneh atapanda zile ngazi analia, atashuka nazo analia, halafu atakuja hapa, kwenye meza hii, na atasema nini? Atasema, Etiye Askale tafadhali rudi juu. Na yule wa viatu atafute pa kuvipaka rangi."

Ilikuwa saa nne asubuhi, na kwa kuwa ulikuwa mfungo hakukuwa na kula mpaka saa tisa. Askale alikaa na karatasi ile mbele yake saa zote tano. Asidanganye mtu kwamba hakutamani. Alitamani sana. Alikiona kiti chake, alisikia hodi mlangoni. Ilikuwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza si dhambi ya kuonekana. Lakini kila alipoitazama karatasi aliona kazi mbovu, na kazi hiyo ilikuwa ya Lulseged na yake, na sasa ingetundikwa kwenye kuta elfu sita. Saa tisa, wenzake walipokaa kula mkate wa injera na mchuzi wa shiro, yeye alinawa gundi, akachukua karatasi, akapanda.

Hakubisha hodi. Alimwekea Surafel karatasi juu ya vitufe.

"Hesabu."

Surafel akahesabu. "Tano. Pagume ni tano."

"Mwaka wa nani?"

Kijana akageukia kioo, akafungua orodha. "Lakini Shemasi anasema Pagume hamhitaji mtu. Tazama, Etiye. Na daftari lako pia..."

"Shemasi kasoma kilichoandikwa. Jina halikuandikwa."

"Sasa ningejuaje?"

"Usingejua."

"Haikuandikwa popote!"

"Haikuandikwa. Nilikuwa naijua." Na hapo ndipo Askale alipoona kwa mara ya kwanza kwamba kosa lilikuwa lake pia.

Surafel alishika kichwa. "Si ningeyapika yote tu. Asubuhi moja. Asubuhi moja tu, Etiye, ningeyapika yote."

Ato Bezuneh aliitwa. Alipiga kelele kiasi cha kutosha, kama mwenye mali yeyote, kisha akaamuru karatasi ya Pagume ichapwe upya. Zile elfu sita walifungia mikate na kolo, shayiri ya kukaanga, kwa miaka. Surafel alisimama amejiinamia, akingoja kufukuzwa. Ato Bezuneh hakumfukuza. Alimtazama yeye, akamtazama Askale, na akasema neno ambalo alidhani ni la busara.

"Etiye, kaa naye. Mweleze yote usiyoyaandika. Yote, mpaka yaishe. Surafel, wewe andika."

Walikaa siku tatu, na Askale hasemi uongo akisema zilikuwa siku tatu nzuri. Alirudi kwenye kiti chake. Jiko la mkaa lilirudi, kahawa ikachemka, mvua ikapiga bati. Surafel aliuliza vizuri, kwa adabu, wala hakuvaa tena ule uso wa chuo kikuu. Askale alimweleza habari za Pagume, naye akaandika kwenye maelekezo ya mapishi kwamba Pagume anamhitaji mwinjilisti, yeyote atakayekuwa, na kwamba jina likibadilika apikwe. Alimweleza habari za faili la sikukuu, ambalo halikuandikwa na mtu bali hutengenezwa kila mwaka na programu nyingine ndogo, kwa hiyo Shemasi akipita kabla halijazaliwa hamkuti mtu wa kusoma.

"Kwa hiyo alikuwa anahesabu nyumba tupu," Surafel alisema.

"Na anatoka anasema wenyewe hawapo."

Wakacheka. Katikati ya habari za mafaili alimweleza pia habari za Lulseged, jinsi alivyokunywa kahawa bila sukari, jinsi alivyoogopa radi. Surafel hakuziandika hizo, lakini aliacha kalamu na kusikiliza. Siku ya pili jioni ndipo Askale alipokumbuka ule mwezi mzima wa maelezo, na kadi ya theluji, akaelewa kwamba safari hii anayeeleza kila kitu ni yeye.

Siku ya tatu lilibaki jambo moja. Mafaili ya herufi yalikuwa mawili, yenye jina lilelile, katika makabati mawili ndani ya kompyuta, la zamani na la sasa. Shemasi aliona jina, akatosheka. Lipi litaingizwa lilitegemea kabati gani linafunguliwa kwanza, na hilo alilijua Askale peke yake. Ukikosea, herufi tatu hutoka vibaya, na kuzitambua inataka jicho la mtu aliyepanga risasi.

"Kuna lingine, Etiye?" Surafel aliuliza.

Askale alimimina kahawa. Alikuwa na jambo moja mkononi, na jambo moja lilitosha kumrudisha kwenye kiti kile kila Nehase mpaka uzeeni. Kijana alimngoja, kalamu juu ya karatasi. Alikuwa na wino kwenye shati, na viatu vyake siku hiyo vilikuwa na matope.

"Limebaki moja," alisema, akamweleza.

Surafel aliandika lote, akalisoma kwa sauti, akarekebishwa mara moja. Kisha juu kabisa ya maelekezo akaongeza mistari miwili inayosema kwamba mambo haya yametoka kwa Weyzero, yaani Bi, Askale Dessie, mlinzi wa kalenda.

"Shemasi ataisoma?" aliuliza Askale.

"Hapana. Mistari ya namna hii huiruka. Ni ya watu."

"Haya."

Siku ya nne alifika mapema kama kawaida, akapita chumba cha chini bila kufikiri, akapanda. Mlango ulikuwa umefungwa. Alisimama nje na jiko mkononi, akasikia kompyuta ikinguruma, ikipika. Surafel alikuwa akijaribu mwaka wa Yohana. Akasikia kiti kikisogezwa, na kijana akijisemea peke yake: Pagume, sawa, Sikukuu, sawa, Herufi, sawa. Halafu akapiga mluzi.

Askale aliinua mkono abishe hodi. Akatafuta la kwenda kusema humo ndani, akalitafuta kwa dakika nzima, asilione. Aliweka jiko chini, akakaa kwenye ngazi, akalia bila kumkasirikia mtu, mpaka Gashe Mersha alipomwita kutoka chini kwamba gundi inakauka.